"Kagombee Wewe": Mkosoaji wa Mtaani na Diwani Wake Dar es Salaam

Ugomvi huu mara nyingi huanza na picha. Mtaro umeziba, mifuniko ya chuma iling'olewa kitambo na watu wa skrepa, maji meusi yanapita mbele ya banda la mama lishe. Kijana mwenye simu na bando anapiga picha, anaiweka mtandaoni na kuandika: "Mheshimiwa diwani, mtaro huu uliuahidi kwenye kampeni. Hela imeenda wapi?" Hadi jioni picha imezunguka kwenye magrupu yote ya kata. Kesho yake wapambe wa diwani, ambao siku hizi huitwa chawa, wameshaingia kazini: huyu katumwa, huyu ni wa chama fulani, huyu hata hapa si kwao, kahamia juzi. Diwani mwenyewe akipandwa na hasira hujibu kwa sauti ya kurekodi, na ndani ya sauti hiyo limo neno ambalo karibu kila mkosoaji wa jiji hili ameshaambiwa: "Kijana wangu, kama unaona kazi hii rahisi, kagombee wewe."

Wengi wakiambiwa hivyo hunyamaza. Wengine huendelea kupiga spana hadi waitwe polisi. Na wapo wanaolichukua neno hilo kama lilivyo, wakaanza kuulizia kadi ya chama na tarehe za kuchukua fomu. Kabla mtu hajafuata njia yoyote kati ya hizo, inafaa aone kwamba "kagombee wewe" limefunga kwenye fundo moja mambo yasiyohusiana: haki ya mwananchi kuuliza, madaraka aliyonayo diwani, na mlango wa kuingilia uongozi. Kila jambo lina sheria yake na mitego yake. Anayeyachanganya, awe diwani au mkosoaji, huishia kupigana vita isiyo yake.

Nani ameshika nini

Nianze na madaraka, kwa sababu hapa ndipo lawama nyingi hupotea njia.

Mkoa wa Dar es Salaam, uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, una halmashauri tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Zamani juu yake palikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyofunika mkoa mzima. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Maana yake mkazi wa Manzese au wa Mbagala hayuko chini ya Meya wa Jiji hata kidogo. Wa Manzese ana manispaa yake Ubungo, wa Mbagala ana yake Temeke. Lakini fungua mtandao asubuhi yoyote ya mvua uone watu wa Mbagala wanavyomshukia Meya wa Jiji.

Ndani ya halmashauri kuna kata, na ndani ya kata kuna mitaa. Diwani anachaguliwa na kata. Akifika kwenye Baraza la Madiwani anakutana na madiwani wenzake, wale wa viti maalumu na wabunge wa eneo hilo, na wote kwa pamoja hupitisha bajeti, sheria ndogo na mipango. Meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Mtendaji mkuu wa halmashauri ni mkurugenzi, na huyo hachaguliwi na mtu yeyote wa mtaani: anateuliwa na Rais. Mkurugenzi ndiye msimamizi wa fedha na watumishi. Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Mtaa ni watumishi wa mkurugenzi, hata kama kila siku unawaona wameongozana na diwani.

Sasa rudi kwenye ule mtaro. Kama uko pembeni ya barabara ya mtaani, kwa kawaida ni wa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 ukachukua barabara za mijini na vijijini kutoka kwenye halmashauri. Kama uko kwenye barabara kuu, ni wa TANROADS. Maji yakikatika ni DAWASA, umeme ni TANESCO, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayepokea amri ya diwani. Diwani anaweza kupiga simu, kuandika, kupiga kelele barazani, kumbana meneja wa wilaya mbele ya wananchi. Hawezi kusaini malipo ya hata kifuniko kimoja cha mtaro.

Yako mambo yaliyo mikononi mwa halmashauri moja kwa moja, na hapo diwani ana la kujibu: zahanati na vituo vya afya, majengo ya shule za msingi na sekondari, uzoaji taka, masoko na ushuru wake. Iko pia mikopo ya asilimia 10. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha madudu, ikiwemo vikundi hewa, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ukitaka kumuuliza diwani swali lenye meno, achana na nguzo ya umeme. Muulize vikundi vya kata yake vilivyopata mkopo ni vipi, vimerejesha kiasi gani, na barazani alisema nini taarifa ya marejesho iliposomwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha ugomvi wote. Mkosoaji anayemlaumu diwani kwa kila kitu humpa nafasi ya kutoka: atajibu kwamba barabara si yake, atasema kweli, na maswali mengine yaliyokuwa yake kabisa yatazikwa pamoja na hilo moja. Anayejua mipaka ya kiti hamwachii pa kujificha.

Kwa nini diwani anakasirika

Haki itendeke kwake pia. Diwani halipwi mshahara, anapata posho. Mlangoni kwake asubuhi kuna foleni: huyu ana msiba, huyu mtoto kafukuzwa ada, huyu anataka barua, yule mchango wa harusi. Watu hawatofautishi mfuko wake na mfuko wa halmashauri, na yeye mwenyewe wakati wa kampeni hakuwasaidia kutofautisha. Aliahidi lami, aliahidi maji, aliahidi vitu vilivyo kwenye bajeti za watu wengine. Deni hilo sasa linadaiwa hadharani na kijana mwenye simu, tena kwa herufi kubwa.

Juu ya hapo ana mabwana wawili. Wananchi wanampigia kura mara moja kila miaka mitano. Kabla ya hiyo kuna kura ya ndani ya chama, ya wajumbe, na waliowahi kupita hapo ndio walioeneza ule msemo uliotapakaa mwaka 2020 kwamba wajumbe si watu. Picha ya mtaro ikizunguka, wa kwanza kuitumia si mpinzani wa chama kingine. Ni mtia nia mwenzake wa chama hichohicho, anayekaa mtaa wa tatu na kuisambaza kimyakimya. Ndiyo maana swali la kwanza la diwani huwa "nani kamtuma?" badala ya "mtaro uko wapi?" Kwa uzoefu wake, mara nyingi kweli kuna aliyetuma.

Hiyo inaeleza hasira yake, lakini haimpi ruhusa ya kuwatisha watu. Diwani hana mamlaka ya kumweka mtu ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48, kwa masharti kwamba kuna hatari ya kweli ya kuvunjika kwa amani na hakuna njia nyingine ya kuizuia. Kuulizwa bei ya mtaro si hatari kwa amani. Tena diwani yumo kwenye orodha ya wanaoguswa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Anatakiwa kutangaza mali na madeni yake. Kiongozi wa namna hiyo aliukubali uchunguzi wa macho ya watu siku alipoapa.

Kalamu na sheria

Upande wa mkosoaji mambo ni mazito zaidi, na hapa sitaki mtu adanganyike kwa maneno ya kijiweni kwamba "ni maoni yangu tu, hawanifanyi kitu."

Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa kutoa maoni na kutafuta habari, na ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Huo ndio msingi. Lakini juu yake zimejengwa sheria nyingine, na anayeandika kuhusu kata yake anatembea katikati ya tatu au nne kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni ya kashfa. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likafanya marekebisho yaliyoitoa kashfa kwenye jinai. Kwa hiyo barua ya wakili wa diwani ikikufikia leo ikidai fidia, ni madai ya kawaida: yeye atasema umemharibia jina, wewe utatakiwa kuonyesha kwamba ulichoandika ni kweli, au kwamba ni maoni ya haki juu ya jambo linalohusu umma, yaliyojengwa juu ya ukweli. Angalia tofauti ya sentensi hizi mbili: "Mtaro ulioahidiwa haujajengwa na mkutano wa mtaa haujasomewa matumizi" na "Diwani kala hela ya mtaro." Ya kwanza inaweza kuthibitishwa na kila mkazi. Ya pili ni tuhuma ya wizi, na mahakamani utaulizwa risiti. Hata alama ya kuuliza mwishoni haiiokoi.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hii ni jinai kamili. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha kupitia kompyuta, na adhabu yake haishuki chini ya faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu hicho ndicho hutajwa sana mtu anapoitwa kituoni kwa sababu ya alichoandika. Binafsi naona kimeandikwa kwa upana mno, kwa sababu kosa la tarehe au jina la mradi linaweza kugeuzwa kesi. Lakini kipo, na anayeandika lazima aandike akijua kipo.

Kuna pia kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza mwaka 2018. Wakati ule leseni ilimgharimu mtu zaidi ya shilingi milioni 2 kabla hajaandika neno, na waandishi wengi wadogo walifunga. Zimebadilishwa mwaka 2020 na tena 2022, mzigo ukapungua, lakini anayeendesha ukurasa au chaneli kama chombo cha habari na matukio bado anatakiwa awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na tangu Mei 2023 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Bajeti ya kata ni ya umma. Namba ya simu ya mke wa diwani, shule ya watoto wake na vyeti vyake vya hospitali si vya umma, hata ukivipata bure.

Silaha ambayo wakosoaji wengi hawaitumii imo kwenye Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaweza kuandika barua kwa taasisi ya umma, ikiwemo halmashauri, akaomba taarifa, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Unaandika kwa mkurugenzi: naomba kujua kiasi kilichotengwa kwa ajili ya mtaro wa mtaa fulani, mkandarasi, na kiasi kilicholipwa hadi sasa. Unabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masjala. Ikijibiwa, una takwimu mkononi. Isipojibiwa, una habari: barua ilipokelewa tarehe hii, siku 30 zimepita, kimya. Sentensi hiyo haiwezi kushitakiwa na mtu, na inauma kuliko matusi mia.

Vilevile vikao vya kawaida vya Baraza la Madiwani hufanyika kila baada ya miezi mitatu na viko wazi kwa wananchi. Nenda siku moja ukae kwenye viti vya wageni. Mara nyingi waliokaa hapo ni waandishi wa habari wachache na madereva wa waheshimiwa. Utamwona diwani wako akiuliza, au akisinzia, au akigonga meza kuunga mkono hoja aliyokuwa akiipinga kijiweni wiki iliyopita. Taarifa za Mkaguzi Mkuu, CAG, nazo husomwa humo halmashauri inapojibu hoja. Kwa mkosoaji wa kata, saa tatu za kikao kimoja zina chakula cha miezi mitatu.

Milango miwili, na yote inalindwa na chama

Tuseme sasa kijana wetu ameamua: basi nagombea. Kuna viti viwili vilivyo karibu naye, na watu huvichanganya kila msimu.

Kiti cha chini ni cha mtaa: mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Uchaguzi wake unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wa mwisho ulifanyika 27 Novemba 2024, na orodha ya wapiga kura huandaliwa upya kwa ajili ya uchaguzi huo pekee, mtaa kwa mtaa. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Mtu mwenye kadi ya mpiga kura mfukoni, asiyejiandikisha kwenye orodha ya mtaa, hakupiga kura, na wengi waliligundua hilo siku ya kura yenyewe.

Kiti cha pili ni udiwani. Huo huenda pamoja na uchaguzi mkuu wa Rais na wabunge, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa kufuata sheria mpya ya 2024. Mgombea awe raia, awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali, awe mkazi wa eneo la halmashauri. Sharti la mwisho ndilo linalowakwaza wakosoaji: awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe na chama hicho.

Mgombea binafsi haruhusiwi Tanzania. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba mwaka huohuo. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa na mahali pake ni bungeni. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Juni 2013 ilimpa ushindi kwamba sharti la chama linavunja haki zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na sharti liko palepale. Nadhani hakuna jambo linalowaumiza vijana wazuri wa mitaani kama hili. Kijana amejijengea jina kwa kutokuwa wa mtu yeyote, na mlango wa kwanza wa uongozi unamtaka awe wa mtu.

Akiingia chama tawala, CCM, atakutana na fomu, kura za maoni, wajumbe, kisha vikao vya juu vinavyoweza kumrudisha aliyekuwa wa tatu na kumkata aliyekuwa wa kwanza. Akiingia upinzani, njia ya ndani ni fupi zaidi lakini ya nje ina miiba. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa kwa wingi. Mwaka 2024 vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa kwa makosa ya kujaza fomu yakajirudia, na matokeo rasmi yakaipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya uenyekiti wa mitaa nchini. Aprili 2025 CHADEMA, ambayo haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ilitangaziwa na Tume kwamba haitashiriki uchaguzi mkuu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, maandamano yalizuka Dar es Salaam, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa na wakazi wakaamriwa wasitoke nje usiku. Anayemwambia kijana "kagombee wewe" kana kwamba ni jambo la kuamka asubuhi na kwenda kujaza fomu, anajua vizuri ukubwa wa ukuta anaomwelekeza.

Tena kiti chenyewe kinafungwa na kadi. Ukifukuzwa chama au ukihama, udiwani unakwisha. Kati ya 2017 na 2020 nchi ilishuhudia madiwani wengi wa upinzani wakijiuzulu na kuhamia CCM, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais, na kata zao zikarudi kwenye uchaguzi mdogo kwa gharama za umma. Mkazi aliyempigia kura mtu akidhani anachagua mtu, aligundua kwamba sheria inahesabu kadi.

Aliyevuka kutoka kalamu kwenda jukwaani

Wapo waliovuka. Anayejulikana zaidi jijini ni Saed Kubenea wa gazeti la MwanaHALISI. Januari 2008 alivamiwa ofisini na kumwagiwa kemikali usoni. Julai 2012 gazeti lake lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Mwaka 2015 aligombea ubunge wa Ubungo kwa tiketi ya CHADEMA akashinda. Mwaka 2020 alikuwa ACT-Wazalendo, akagombea Kinondoni, hakushinda. Ngazi yake ilikuwa ya bunge, juu ya udiwani, lakini njia ni ileile kwa umbo dogo: jina lililojengwa kwa kuandika linaweza kukuingiza, ila kukaa na kurudi kunategemea chama, jimbo na upepo wa mwaka husika.

Kuna jambo hubadilika mkosoaji anapochukua kadi, na wakosoaji wengi hawapendi kulisikia. Siku hiyo kila alichowahi kuandika husomwa upya. Ile picha ya mtaro, iliyokuwa ya kweli na bado ni ya kweli, inageuka kuwa kampeni iliyoanza mapema. Mama lishe aliyemtumia taarifa kwa siri anajiuliza kama siri yake sasa iko ofisi ya chama. Na mradi ukiharibika kwenye kata ya diwani wa chama chake mwenyewe, atanyamaza au atasema? Akinyamaza, wasomaji watajua. Akisema, ataitwa kwenye kamati ya maadili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwananchi hahitaji kugombea ili apate haki ya kuuliza. Diwani anayejibu swali kwa "kagombee wewe" hajalijibu, na wasomaji wamrudishe kwenye swali kila mara bila matusi. Lakini kijana anayesikia ndani yake kwamba anataka kweli kufanya kazi hiyo, asione aibu. Mitaa yetu ina kiu ya watu wanaoweza kusoma bajeti. Ila aifanye hadharani: atangaze chama chake siku ileile anapochukua kadi, ukurasa aukabidhi kwa wakazi wengine au aufunge kwa mambo ya kata hiyo, na asivitumie vyanzo vilivyomwamini akiwa mwandishi kujinufaisha akiwa mgombea.

Na aanzie mtaani. Watu hukidharau kiti cha mwenyekiti wa mtaa kwa sababu posho yake ni ndogo na ofisi yake mara nyingi ni chumba kimoja chenye benchi nje. Lakini barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki au kumdhamini ndugu polisi inagongwa muhuri hapo. Mauziano ya viwanja hushuhudiwa hapo, na hapo ndipo wanunuzi hutozwa kwa mazoea ile asilimia 10 ambayo wachache huandikiwa risiti yake. Hapo ndipo kwenye ubao wa matangazo, wenye karatasi zilizopauka kwa jua, panapotakiwa kubandikwa mapato na matumizi ya mtaa. Mwenyekiti anaweza kubandika karatasi hiyo bila kuomba ruhusa ya Meya wala TARURA. Anaweza kuitisha mkutano, akaisoma, akakaa kimya watu wakiuliza.

Wenyeviti wa mitaa huingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Vipaumbele vya mtaa hupita hapo kabla ya kwenda halmashauri kuingizwa kwenye bajeti inayoanza Julai. Kama mtaro hauko kwenye orodha iliyotoka humo, kelele za mtandaoni mwezi wa Aprili zinakuja mvua imeshanyesha. Kijana wetu akifika kwenye meza hiyo, atakaa viti viwili kutoka kwa diwani aliyemwambia akagombee. Muhtasari wa kikao utaandika nani alipendekeza nini, na nakala ya muhtasari huo mkazi yeyote anaweza kuiombea kwa barua.

Uchaguzi ujao wa mitaa, kwa mzunguko wa miaka mitano, ni mwaka 2029. Kikao cha Baraza la Madiwani kiko ndani ya miezi mitatu ijayo, na barua kwa mkurugenzi inaweza kuandikwa leo.